Akiba ya uendeshaji: shirika linaishi miezi mingapi bila mfadhili?

Akiba ya uendeshaji ni fedha ambazo shirika linaweza kuzitumia kwa gharama zake za kila siku bila kumwomba mfadhili ruhusa. Hupimwa kwa miezi.

Tuseme shirika dogo la Tanzania linalohudumia shule za msingi lina shilingi milioni 48 benki. Mwenyekiti ametulia. Lakini milioni 41 zililetwa kwa ajili ya madawati na vitabu: hizo ni fedha zenye masharti, hazilipi pango. Zinabaki milioni 7. Pango, umeme, mishahara ya mratibu na mhasibu pamoja na michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) vinakula milioni 3.5 kwa mwezi. Basi akiba ni miezi miwili. Zile 48 ni salio tu.

Shida huanza awamu ya fedha za mfadhili ikichelewa. Awamu ya pili haitoki mpaka ripoti ya kwanza ikubaliwe, na ripoti inaweza kurudishwa kwa sababu tu manunuzi matatu hayana risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi. Miezi mitatu inapita, akiba imekwisha, mishahara haisubiri. Mhasibu "anaazima" kwenye fungu la madawati, kwa nia njema kabisa. Mkaguzi anakuta pengo, mfadhili anayakataa matumizi, na sasa shirika linadaiwa fedha ambazo watu walishazila.

Akiba haijengwi kwa ruzuku ya mradi. Kinachobaki kwa kawaida hurudishwa, au huombewa kibali. Hujengwa kwa fedha huru: ada za wanachama, michango isiyo na masharti, mapato ya mafunzo. Njia ya kuziokoa fedha huru, ambayo wengi huiogopa bure, ni kuingiza gharama za ofisi kwenye bajeti ya kila mradi. Mhasibu akitumia siku 6 kati ya 20 kwenye mradi wa vitabu, asilimia 30 ya mshahara wake ni ya mradi huo, ilimradi jedwali la muda wa kazi lipo na limesainiwa.

Miezi 3 hadi 6 ndilo lengo la kawaida. Anza na mmoja. Fungua akaunti ya pembeni yenye watia saini wawili, na bodi iandike azimio: fedha zitatolewa lini, zitarudishwaje. Katika taarifa ya mwezi, fedha huru zikae kwenye safu yake, na fedha zenye masharti kwenye safu nyingine. Mjumbe wa bodi asipewe jumla ya benki peke yake.