Turbo katika hewa nyepesi: usanifu unavyopimwa na mlima wa Timboroa

Maelezo mengi kuhusu turbo, mtambo unaotumia moshi wa injini kuisukumia injini hewa zaidi, huandikwa kana kwamba magari yote hutembea kando ya bahari. Hapa Kenya, Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,130, na lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba kwa njia ya Eldoret hulazimika kupanda hadi Timboroa, penye mita zipatazo 2,750. Kazi yangu hapa Nakuru ni kufungua, kupima na kuunda upya turbo za injini za dizeli, na nimefikia uamuzi kwamba karibu kila uboreshaji uliofanyiwa mtambo huu huonyesha thamani yake mtu akianza na swali moja: itazunguka kwa kasi gani hewa itakapokuwa nyepesi?

Tuitazame hewa yenyewe. Mombasa, kukiwa na joto la nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.16 hivi, kwa kuwa shinikizo la hewa ni kilopaskali 101. Timboroa shinikizo hilo hushuka hadi kilopaskali 72 hivi, na ingawa baridi ya kule huisaidia hewa kujikusanya, mita hiyohiyo ya ujazo haizidi kilo 0.88. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu robo ya hewa yake, na kwa sababu kila tone la dizeli linahitaji kiasi chake cha oksijeni ili liungue sawasawa, robo ya nguvu nayo huenda. Injini yenye turbo ina njia ya kujitetea. Moshi unaotoka kwenye silinda bado una joto na msukumo mwingi. Unazungusha gurudumu la turbini, turbini inazungusha shafti, na upande wa pili wa shafti gurudumu la kompresa linavuta hewa ya nje na kuisukuma ndani ya injini. Kadiri hewa inavyozidi kuwa nyepesi, ndivyo gurudumu hilo linavyolazimika kukimbia zaidi ili kufidia upungufu.

Hili si jambo la leo. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905, lakini jaribio ninalolipenda zaidi ni la Sanford Moss wa General Electric, ambaye mwaka 1918 alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima wa Pikes Peak huko Colorado, Marekani, penye urefu wa mita 4,300 hivi. Bila turbo, injini ilitoa nguvu za farasi 230 tu. Turbo ilipofungwa, ikatoa 356, karibu kiasi kilekile ilichokuwa ikitoa huko chini kabla ya kupandishwa. Turbo ilijithibitisha mlimani miaka mingi kabla haijawa pambo la magari ya mbio.

Sasa tufanye hesabu ya lori la kawaida. Tuseme injini inataka hewa ya kilopaskali 220 ndani ya manifoldi (bomba linaloigawia silinda hewa), ikipimwa kuanzia sifuri halisi, yaani pasipo hewa kabisa. Mombasa, kompresa inatakiwa kuzidisha shinikizo la nje mara 2.2. Timboroa, ili kupata kilopaskali hizohizo, inatakiwa kulizidisha mara 3. Kwa kanuni za mgandamizo wa hewa, tofauti hiyo inadai kasi ya gurudumu ipande kwa karibu sehemu moja ya tano. Mtu anaweza kudhani hilo ni jambo dogo, lakini kani inayojaribu kuyang'oa mapezi ya gurudumu kutoka kwenye kitovu chake hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo gurudumu linabeba mkazo wa karibu mara moja na nusu ya ule wa pwani. Tukumbuke pia kwamba turbo ya lori huzunguka mara 100,000 hivi kwa dakika, na zile ndogo za magari madogo hupita 200,000. Pamoja na hayo, hewa iliyogandamizwa mara 3 hutoka kwenye kompresa ikiwa na joto la nyuzi 160 hivi, hata kama nje watu wamevaa masweta, na ndiyo maana intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye kompresa) iliyojaa tope na mabua ya nyasi huumiza zaidi huko juu kuliko inavyoumiza Mtito Andei.

Turbo za zamani zilikuwa na ulinzi mmoja tu, yaani wesgeti, mlango mdogo unaofunguka na kuruhusu moshi upite kando ya turbini presha inapofika kiwango kilichowekwa. Mlango huo huendeshwa na springi pamoja na kiwambo cha mpira, na udhaifu wake uko hapo, kwa sababu upande mmoja wa kiwambo uko wazi kwa hewa ya nje. Springi iliyowekwa ifunguke kwenye baa 1.2 (kilopaskali 120) hufunguka kwenye baa 1.2 juu ya hewa ya mahali gari lilipo. Dereva huona mshale wa geji umesimama palepale Mombasa na Timboroa, akaapa kwamba turbo yake ni nzima. Nzima ni kweli, ila injini inapata kilopaskali 190 mahali pa 220. Pampu ya dizeli ya kimekanika, ambayo nayo husoma presha kwa mtindo huohuo, inaendelea kumwaga dizeli ileile. Ule moshi mweusi unaofuata malori ya kizamani yakipanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, hutokana kwa sehemu kubwa na jambo hili, na joto la ziada linaloambatana nao ndilo linalochoma turbini polepole.

Ndiyo maana uboreshaji wa kwanza ninaouheshimu hauko ndani ya turbo hata kidogo. Ni sensa inayopima shinikizo kuanzia sifuri halisi na kuipasha habari kompyuta ya injini, ambayo huamua ni kiasi gani cha moshi kipitishwe kwenye turbini na ni dizeli kiasi gani inyunyizwe. Bila akili hiyo, chuma bora kabisa kingetumika vibaya.

Tukija kwenye chuma chenyewe, gurudumu la kompresa ndilo lililobadilika zaidi. Kwa miaka mingi lilitengenezwa kwa aluminiamu ya kumimina kwenye kalibu. Aluminiamu ya namna hiyo huwa na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na gurudumu likipandishwa kasi na kushushwa mara nyingi, ufa huanzia kwenye kitundu kimojawapo. Nasisitiza kupandishwa na kushushwa, kwa sababu kinachochosha metali ni idadi ya mabadiliko kuliko urefu wa safari. Lori linalokwenda mwendo mmoja kwenye barabara tambarare humaliza kilomita nyingi bila kulichosha gurudumu. Lori linalopunguza mwendo kwenye kila tuta la Nakuru hadi Burnt Forest, kisha likakanyagwa tena mafuta hadi mwisho, hulizeesha upesi. Ninapolisafisha gurudumu la namna hii, silitazami mapezi kwanza. Naligeuza nitazame mgongo wake na ukingo wa tundu la katikati, kwa sababu mkazo ni mkubwa zaidi hapo, na ufa mwembamba kama unywele ukionekana, gurudumu halirudi kazini hata mwenye gari akilia.

Wasanifu walilijibu tatizo hilo kwa njia tatu. Kwanza, magurudumu yalianza kuchongwa kwa mashine kutoka kwenye pande moja la aluminiamu iliyofuliwa, ambalo halina vitundu. Pili, kuna magurudumu yasiyotobolewa kutoka upande hadi upande. Shafti hukazwa kwenye kitovu kinachojitokeza nyuma, na katikati hubaki metali tupu mahali penye mkazo mkubwa. Tatu, kwa malori yanayofanya kazi ngumu, aluminiamu iliachwa ikachukuliwa titani, ghali lakini yenye uwezo wa kustahimili joto na uchovu kwa muda mrefu zaidi. Upande wa turbini, ambako joto la moshi wa dizeli huweza kufika nyuzi 750 au zaidi na la petroli kupita 950, aloi za nikeli bado zinatawala. Mchanganyiko wa titani na aluminiamu una nusu hivi ya uzito wa aloi hizo, kwa hiyo gurudumu huamka haraka dereva anapokanyaga, ila ni metali inayovunjika kirahisi ikigongwa.

Kuamka haraka ndiko kulikozaa turbo zenye vibao vinavyosogea. Vibao vidogo hupangwa kuizunguka turbini. Injini ikiwa na mizunguko michache vinakaribiana, njia ya moshi inakuwa nyembamba, moshi unakimbia na turbini inazunguka mapema. Mizunguko ikiongezeka, vinafunguka. Katika turbo nyingi za malori za kampuni ya Holset, vibao havigeuki kila kimoja peke yake, bali pete nzima huteleza na kupunguza upana wa njia, jambo linaloacha vipande vichache vya kukwama. Kwa magari ya petroli joto lilikuwa kikwazo kwa muda mrefu, hadi Porsche ilipoitumia teknolojia hii kwenye 911 Turbo mwaka 2006. Kwetu sisi ina faida isiyotajwa vya kutosha: vibao vikifungwa wakati lori linateremka, moshi huzuiwa, pistoni hufanya kazi dhidi yake, na injini husaidia breki. Anayeijua teremko ya Sachangwan na historia ya ajali zake ataelewa kwa nini ningemshauri mwenye malori alipie turbo ya aina hii kwa sababu hiyo peke yake. Adui wake ni masizi. Gari linalokaa likinguruma bila mzigo kwa saa nyingi hujaza masizi kwenye vibao hadi vikagandamana, na nimeona vingine vilivyohitaji kulowekwa usiku kucha kabla ya kusogea.

Kuhusu beringi nitasema machache, ingawa ndizo zinazoniletea kazi nyingi. Shafti ya turbo ya kawaida haigusi chuma. Huelea juu ya utando wa oili ndani ya bushi (pete ndefu inayoizunguka shafti), na bushi yenyewe huelea ndani ya utando mwingine. Nafasi ya utando huo ni sehemu za mia za milimita, kwa hiyo oili chafu au iliyochelewa kufika huikwaruza bushi mara moja, na bushi iliyokosa oili hutoka ikiwa na rangi ya buluu ya chuma kilichoungua. Beringi za gololi za kauri hupunguza msuguano na kuvumilia upungufu mfupi wa oili, na mifereji ya maji iliyozungushwa katikati ya turbo za petroli huendelea kuondoa joto hata injini ikishazimwa. Lakini lori nyingi za dizeli hazina maji hayo. Dereva anayefika kileleni akazima injini papo hapo ili anywe chai huacha oili ikikaangika kwenye shafti yenye moto. Dakika mbili za kuiacha ingurume zingetosha.

Kuna pia ile sauti ya kukohoa inayosikika lori likivuta mzigo kwa mizunguko michache mahali pa juu. Kompresa inatakiwa kuzidisha shinikizo sana huku hewa inayopita ikiwa kidogo, mkondo unajitenga na mapezi, na hewa inarudi nyuma. Mfereji mwembamba unaochongwa kwenye mdomo wa kompresa, unaoruhusu sehemu ya hewa irudi mwanzo wa gurudumu, huipunguza hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Ni kitu rahisi kutazama, na turbo za bandia mara nyingi huwa nao kwa sura tu, vipimo vikiwa vimekosewa.

Siku hizi gumzo ni umeme. Mwaka 2016 Audi iliuza SQ7 yenye kompresa inayozungushwa na mota ya volti 48, na mwaka 2022 Mercedes-AMG ikaleta SL 43 yenye mota iliyopachikwa kwenye shafti ileile ya turbo. Usanifu huu huondoa karibu kabisa ule muda wa kungoja turbo iamke. Hata hivyo, faida yake kubwa iko kwenye sekunde za kwanza, ilhali kupanda kutoka Nakuru hadi Timboroa na mzigo kamili huchukua muda mrefu, na kwa muda huo wote nguvu ya kuzungusha kompresa itatoka kwenye moshi. Kwa hiyo mwenye lori akiniuliza pesa zake ziende wapi, namwambia zianze kwenye gurudumu lililochongwa, au la titani likipatikana, kisha kwenye vibao vinavyosogea.

Hata turbo bora huwa na kikomo cha kasi, na kompyuta ya injini hupunguza dizeli na presha makusudi hewa inapokuwa nyepesi ili kikomo hicho kisivukwe. Madereva hulalamika kwamba gari limeishiwa nguvu, na wapo wanaolipia programu ibadilishwe ili kizuizi hicho kiondolewe. Gari hilo litapanda vizuri kweli. Turbo yake, ambayo pwani ilikuwa na akiba ya kasi, sasa inazunguka juu ya kiwango ilichojaribiwa nacho, na ikifika kwangu gurudumu huwa limebaki kitovu peke yake, vipande vya mapezi vimekwama ndani ya intakula, na bei ya kuitengeneza imeizidi mara kadhaa ile ya programu.