Goli la ugenini halijafutwa: hesabu zinazowachanganya mashabiki wa Simba na Yanga

"Goli la ugenini si lilishafutwa?" Kila droo ya CAF, shirikisho la soka Afrika, ikitoka, swali hili linarudi vijiweni, Jangwani kwa Yanga na Msimbazi kwa Simba sawasawa, na linachosha kwa sababu jibu ni lilelile. Kanuni yenyewe: timu zikilingana kwa jumla ya magoli ya mechi mbili, inapita iliyofunga mengi zaidi ugenini. Walioifuta ni UEFA, shirikisho la Ulaya, mwaka 2021. Mashindano ya klabu Afrika yamebaki nayo. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2024 iliamuliwa hivyo: RS Berkane 2-1 Zamalek, marudiano Cairo Zamalek wakashinda 1-0, na goli lao la ugenini likawapa kombe. Aprili 2025 Mamelodi Sundowns wakatoka suluhu nyumbani na Al Ahly, wakapata sare ya 1-1 Cairo, wakaenda fainali ya Ligi ya Mabingwa bila kushinda mchezo hata mmoja kati ya hiyo miwili.

Kutoelewa hilo ndiko kunakozaa ule usemi kwamba Yanga walidhulumiwa kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, kwamba zilistahili dakika 30 za nyongeza. Hazikustahili. Tazameni hesabu yenyewe. Mei 28 kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar, USM Alger walishinda 2-1. Juni 3 kule Algiers, Yanga wakashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla 2-2, magoli ya ugenini, USM Alger mawili, Yanga moja. Mchezo umeisha hapo.

Baada ya ile 2-1 ya Dar, hesabu ya Yanga kule Algiers ilikuwa hii. Ushindi wa 1-0 haukutosha. Ushindi wa 2-1 ungeleta 3-3 na magoli mawili ya ugenini kila upande, hivyo matuta, yaani mikwaju ya penalti. Ushindi wa 2-0, au 3-2, ungewapa kombe. Waliosherehekea lile goli la mapema wakidhani mambo yamekaa sawa hawakuwa wamepiga hesabu: Yanga walihitaji jingine.

Kombe lilipotelea Dar, ndani ya dakika mbili. Fiston Mayele alisawazisha dakika ya 82, uwanja ukalipuka, na dakika ya 84 nyavu za Yanga zikatikiswa tena. Mchezo ule ungeisha 1-1, ushindi wa 1-0 Algiers ungekuwa wa ubingwa. Ndiyo maana mchezo wa kwanza ukiwa nyumbani, cha kwanza ni kutoruhusu goli, cha pili ndiyo kufunga. Ushindi wa 1-0 ni mtaji mzuri kuliko 2-1, ingawa kwa tofauti ya magoli vinalingana. Ukishinda 1-0 ukafungwa 1-0 kule, unaenda kwenye matuta. Ukishinda 2-1 ukafungwa 1-0, umetoka. Na aliyeshinda 1-0 akipata goli moja ugenini, mwenyeji anahitaji matatu. Zikibaki dakika kumi na matokeo ni sare, jukwaa linapiga kelele "panda, panda!" Hapana. Mabeki wa pembeni wabaki nyuma, kiungo mkabaji asivuke mstari wa kati. Kelele za jukwaani hazihesabiwi kwenye jumla ya magoli.

Suluhu ya ugenini nayo inasifiwa kupita kiasi. Simba walitoka 0-0 Abidjan na Stella katika fainali ya Kombe la CAF ya 1993, jiji likaona kombe limefika. Marudiano Dar wakafungwa 2-0. Aliyetoka suluhu ugenini hana goli mkononi, na sare yoyote ya magoli nyumbani inamtoa. (Fainali hiyo ndiyo jibu kwa wanaosema Simba walifika fainali ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2025.)

Vijiweni husemwa pia: "Tukilingana pointi kwenye kundi, tofauti ya magoli itatubeba." Sivyo. CAF huanza na mechi za waliolingana wenyewe kwa wenyewe. Yanga walifungwa 3-0 na CR Belouizdad kule Algeria, hivyo Februari 2024 kwa Mkapa ushindi wa 2-0 usingetosha kuwapita Waalgeria iwapo wangelingana pointi. Walishinda 4-0, wakamaliza wote na pointi 8, Yanga wakaingia robo fainali. Na pointi zikitosha, tofauti ya magoli haiulizwi kabisa. Simba msimu wa 2018/19 walifungwa 5-0 na AS Vita, wakafungwa 5-0 na Al Ahly, wakamaliza kundi na tofauti ya magoli ya hasi 7, na bado wakavuka kwa pointi 9 za mechi tatu za nyumbani.

Dai jingine: "Sare ya jumla lazima iende dakika za nyongeza." Hapana. Yanga na Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2024, suluhu mbili: dakika 90 za Pretoria zilipoisha yakaja matuta moja kwa moja. Wapigaji watano wawe wanajulikana kabla ya dakika ya 80, na mabadiliko ya mwisho yafanywe kwa kuwafikiria.

Na la mwisho, lisilo la hesabu: "Dar ni Simba na Yanga tu." Azam, nao wa Dar, walitwaa ligi ya 2013/14 bila kupoteza mchezo, na Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, la 2015 bila kuruhusu goli. Nao wana uwanja wao, Chamazi. Wa Mkapa ni wa serikali. Ulipokuwa haupatikani Mei 2025, Simba walipeleka marudiano ya fainali ya Shirikisho dhidi ya Berkane kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar.