Katuni ya zamani ikijaza skrini, hujaona zaidi

Ukiona katuni ya zamani imejaza televisheni pana, ni rahisi kudhani sasa unaiona yote. Mara nyingi ni kinyume. Katuni za miaka ya 1980 na 1990 zilitengenezwa kwa uwiano wa 4:3, karibu na mraba. Ili zijaze skrini ya 16:9 bila kuvutwa, picha hukuzwa, kisha juu na chini hukatwa. Robo nzima ya picha huenda na maji.

Disney+, huduma ya kutazama filamu na vipindi mtandaoni, ilipoanza Novemba 2019, vipindi vya zamani vya katuni ya The Simpsons vilikatwa hivyo. Kuna onyesho la kiwanda cha bia ya Duff: matangi matatu, majina matatu, lakini bomba linaloyajaza yote kutoka juu ni moja tu, yaani bia ni ile ile. Bomba likakatwa, yakabaki matangi. Utacheka nini hapo? Watazamaji walilalamika, na Mei 2020 uwiano wa awali ukarudishwa kama chaguo.

Vipindi vya The Simpsons vilivyorushwa kuanzia katikati ya Februari 2009 vilitengenezwa vikiwa vipana, kwa hiyo hivyo havina shida. Kwa vya zamani, ile mistari miwili myeusi ya pembeni si ubovu wa televisheni, usikimbilie rimoti.