Kukata boksi la hewa: yanayosemwa gereji na yanayotokea ndani ya injini

Jumapili moja nilikata boksi la filta ya hewa la gari langu, Toyota IST, kwa msumeno wa chuma, nikafunga filta ya koni, ile inayokaa wazi bila boksi, niliyouziwa kwa maneno matamu, kisha nikapanda na gari hadi Ilboru, hapa Arusha. Gari lilinguruma kweli. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeongeza nguvu za farasi kumi bila kumlipa fundi hata senti. Miezi michache baadaye nilikuwa natafuta boksi jingine la mtumba. Maneno yaliyonishawishi bado nayasikia kila ninapopita gereji, kwa hiyo nayaweka hapa moja moja.

"Sikia linavyovuta!"

Kinachosikika ni mlio. Katika magari mengi madogo kuna chemba tupu imebandikwa kwenye bomba la hewa, na wapo mafundi wanaoing'oa wakisema haina kazi. Kazi yake kubwa ni kumeza kelele ya hewa inayovutwa na silinda. Ukiing'oa, au ukiweka koni wazi, kelele hiyo inakuja ndani ya gari na sikio linaiambia akili kwamba gari limepata nguvu. Nilijaribu kupima kwa saa ya simu, mwenzangu akibonyeza, kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa kwenye barabara ya Kisongo: kwanza na koni, baadaye na boksi. Tofauti ilikuwa ndogo kuliko uzembe wa kidole chake.

"Kiwandani wameibana injini pumzi"

Hili ndilo lililonikamata mimi, kwa sababu linaingia akilini. Boksi limefungwa, mdomo wake mwembamba, filta ya karatasi imejaa mikunjo; nani asingeamini?

Lakini mlango unaoibana injini ya petroli unaushika mwenyewe kwa mguu. Ukikanyaga pedali ya mafuta, unachofungua ni kisahani ndani ya bomba la hewa, kabla tu ya injini. Ukiachia, kisahani kinafunga. Kutoka Sakina mpaka Kijenge, na bajaji mbele na bodaboda pembeni, kisahani hicho muda mwingi kimefungwa zaidi ya nusu. Kuongeza upana wa njia huku nje wakati mlango wa ndani umerudishwa ni kama kupanua geti la uani huku mlango wa chumba umefungwa.

Boksi linaanza kuhesabika pale tu pedali inapofika chini kabisa na injini iko kwenye mizunguko mikubwa. Tupige hesabu. Injini ya lita 1.3 huvuta ujazo wake mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika haiwezi kuzidi lita 3,900 za hewa kwa dakika. Waliochora boksi waliijua namba hiyo, na wakaacha nafasi kwa ajili ya filta itakayochafuka. (Hapo hapo unaona kwa nini kile kifeni cha umeme kinachouzwa kama "turbo" ni mchezo wa kuigiza. Injini ikivuta kwa nguvu, kifeni kinageuka kuwa kizuizi.)

"Huku juu hewa ni nyepesi, lazima ufungue njia"

Nusu yake ni kweli. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko ya Tanga. Watu wa mji wa Moshi wako chini yetu, kwa hiyo wanapoteza kidogo kuliko sisi. IST ya lita 1.3 iliyoandikwa nguvu za farasi 87 inabaki hapa na kama 76, hata iwe mpya kiasi gani. Ndiyo maana ukishuka Pwani unahisi gari limefanyiwa sevisi njiani.

Nusu ya pili ndiyo uongo. Tundu kubwa linaingiza hewa ile ile nyepesi. Dawa ya mwinuko ni kitu kinachoisindilia hewa kwa nguvu, yaani turbo halisi, na hiyo si kazi ya Jumapili mchana.

Baya zaidi, koni nyingi za kujifungia zinakaa ndani ya boneti na kuvuta joto la rejeta. Boksi la kiwandani mdomo wake huelekezwa mbele, kwenye hewa ya nje. Kwenye foleni, hewa ya ndani ya boneti ikifika nyuzi 60 wakati nje ni 25, umepoteza asilimia 10 nyingine ya uzito wa hewa. Ni sawa na kulipandisha gari mita elfu moja zaidi, nawe hujaondoka Kijenge. Barabara ikifunguka na upepo ukapita, hasara inapungua, lakini faida haiji.

"Hewa ni hewa, kompyuta itajirekebisha"

Inajirekebisha, lakini ina mpaka. Magari mengi ya aina hii yana sensa ya hewa karibu na filta: waya mwembamba wenye joto, hewa inayopita inaupoza, na kompyuta inakadiria hewa kiasi gani imeingia ili kila gramu 14.7 zipate gramu moja ya petroli. Hesabu hiyo imepangwa kwa upana wa bomba lile lile. Ukibadilisha bomba, waya unaona mwendo mwingine wa hewa na unatoa taarifa isiyo sahihi. Sensa ya kwenye ekzosi, yaani bomba la moshi, inajaribu kusahihisha, na ikishindwa, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Kosa langu lilikuwa la kijinga kuliko hilo. Kuna hozi nyembamba inayorudisha mvuke wa oili kutoka injini hadi bomba la hewa. Niliiziba upande mmoja na kuacha tundu upande wa pili, hewa ikawa inaingia bila kupita kwenye sensa. Nikisimama kwenye taa za barabarani, injini ikawa inatetemeka. Wengine hutumia bomba la PVC la maji; hilo hulainika likikaribia nyuzi 80, na klempu inalegea taratibu bila wewe kujua.

"Ikichafuka inakula mafuta, ipulize kila wiki"

Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hili. Kwenye magari ya petroli yenye sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta, filta chafu haikuongeza ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Ilichopunguza ni kasi ya gari kuchapuka. Msemo huu ni urithi wa enzi za kabureta, kabla ya kompyuta kupima mafuta.

Kupuliza kwa kompresa ndiko kunakoumiza. Upepo mkali unatoboa karatasi matundu usiyoyaona kwa macho. Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii: filta iliyopata vumbi kiasi huchuja vizuri kuliko mpya, kwa sababu vumbi lililotangulia linasaidia kukamata linalofuata.

Na vumbi letu si la kuchezea. Udongo wa volkano wa huku, ukikauka na kupeperushwa na malori, unaingia kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda na kufanya kazi ya msasa. Gari linaanza kula oili, kisha kutoa moshi wa bluu. Koni ya kitambaa ina matundu makubwa na inategemea mafuta maalumu kukamata vumbi. Ukipaka kidogo, vumbi linapita. Ukizidisha, mafuta yanakwenda kuganda kwenye waya wa sensa.

Kipimo ni kidole. Fungua bomba baada ya filta, pitisha kidole ndani. Changu kilitoka cha kahawia.

Boksi la mtumba nililipata Unga Limited, klipu moja imevunjika. Fundi alikuwa ameshakata waya wa kulifungia. Nikamwambia hapana kaka, kifuniko kikikaa wazi hata kwa unene wa ukucha ni yale yale, tutafute klipu.