Je, Paulo aliifuta Torati? Tunayoyasikia na yaliyoandikwa

"Paulo aliifuta Torati." Hili linasikika mimbarini na vijiweni vilevile. Ukisoma nyaraka zake utaona ubishi ulikuwa kwingine: ni nani anayebanwa na Torati? Paulo alikataa katakata watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, kutahiriwa ili wakubaliwe, na Tito, Mgiriki aliyefuatana naye Yerusalemu, hakulazimishwa. Lakini Timotheo, ambaye mama yake alikuwa Myahudi, Paulo alimtahiri. Na katika Matendo 21 yumo hekaluni, anajitakasa pamoja na wanaume wanne wenye nadhiri, tena kwa gharama zake. Mtu aliyeifuta Torati alifuata nini huko?

"Maono ya Petro yalihalalisha nguruwe." Kweli, katika Matendo 10 Petro aliona shuka ikishuka kutoka mbinguni, imejaa wanyama wa kila namna. Ila Petro mwenyewe, akiwa nyumbani kwa Kornelio, ofisa wa jeshi la Kirumi asiye Myahudi, kule Kaisaria, alieleza maana yake: asimwite mtu yeyote najisi. Aliporudi Yerusalemu, lawama ilikuwa kwamba ameingia kwa wasiotahiriwa na kula nao. Menyu hakuna aliyeiuliza.

"Mkutano wa Yerusalemu uliwaacha watu wa mataifa bila sheria yoyote." Hapa ndipo penye utamu. Mkutano huo wa mitume na wazee (Matendo 15), karibu mwaka 49, uliondoa sharti la tohara, kisha Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akapendekeza mambo manne ya kuepuka: vilivyotolewa kwa sanamu, uasherati, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na damu. Wengi huyaona kama mchanganyiko wa ovyo. Fungua Walawi 17 na 18: humo mna makatazo juu ya dhabihu zisizo halali, damu, kibudu na zinaa ya maharimu, na yanamhusu pia mgeni akaaye kati ya Waisraeli. Wataalamu wengi wanaona Yakobo alichota humo. Yaani mtu wa mataifa alipewa sehemu ya Torati iliyokuwa tayari inamhusu mgeni, na Myahudi akaweza kuketi naye meza moja.

Cha ajabu, Paulo haitaji popote barua iliyotumwa na mkutano huo yenye mambo hayo manne katika nyaraka zake. Wakorintho aliwaambia wanunue nyama sokoni bila kuuliza-uliza. Ila akitokea mtu wa kusema imetolewa sadaka kwa sanamu, waiache, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyesema.

"Baada ya hapo mambo yakaisha." Wapi! Antiokia, Petro alikuwa akila na watu wa mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, akajitenga. Paulo akamkemea mbele ya wote.

Sharti la damu nalo liliishi muda mrefu kuliko tunavyodhani. Karibu mwaka 197, Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, Afrika Kaskazini, aliandika kwamba Wakristo hawali hata damu ya mnyama, na kwamba watesi waliwajaribu kwa kuwapa soseji zilizojazwa damu, wakijua ni haramu kwao. Mwaka 692 maaskofu waliokutana Constantinople wakaweka adhabu kwa anayekula damu: kasisi avuliwe daraja, muumini atengwe. Magharibi katazo lilififia. Augustino, askofu wa Hippo, Afrika Kaskazini, karibu mwaka 400, anasema Wakristo wa kwao walimcheka anayeogopa kula sungura aliyeuawa kwa kupigwa shingoni bila damu yake kumwagika.