Kaliba ni nini, na kwa nini peke yake haikuchagulii risasi ya kuwindia

Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Kariakoo wakati wa usajili. Nusu saa haiishi hujasikia neno kaliba. "Yule mshambuliaji si wa kaliba ya Yanga." "Simba wanataka kiungo wa kaliba ya juu." Neno limekuwa la mpira kabisa. Siku niliyotamka kijiweni kwamba kazini kwangu, kwenye kampuni inayopeleka wageni kuwinda, nashinda nikijaza kaliba za bunduki kwenye fomu, jirani yangu aliweka kikombe chini. "Kwani kaka, bunduki nayo ina kaliba?"

Inayo, tena ndiyo mwenye neno. Wachezaji wameazima tu. Na lenyewe lina safari ndefu. Fundi wa pwani anayeyeyusha madini huyamimina kwenye kalibu, na kalibu ni neno la Kiarabu. Kwa maelezo ya wanaisimu wengi, Wazungu wa Italia na Ufaransa walilichukua neno hilohilo la Kiarabu wakalipa kazi ya kupimia tundu la mzinga, Waingereza wakalipokea, nasi tukalipata kwa Waingereza likiwa limebadilika mwisho wake. Limetufikia mara mbili basi, mara ya kwanza kwa jahazi.

Maana yake kwenye silaha ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu, au upana wa kile kipande kinachopita humo. Basi. Wazungu wa bara Ulaya huipima kwa milimita, Wamarekani na Waingereza kwa sehemu za inchi: .30 ni inchi moja iliyogawanywa mia ukachukua thelathini, ambayo ni milimita 7.62. Haikuambii urefu wa risasi, wala uzito wake, wala mwendo wake, wala kama itamwangusha mnyama au itamjeruhi tu.

Tatizo la pili ni letu wenyewe, la Kiswahili. Tunasema risasi tukimaanisha vitu vitatu. Risasi ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu yanayotiwa kwenye betri za magari. Risasi ni kile kipande kinachoruka na kupiga. Na risasi ni kitu kizima unachokipakia: ganda la shaba nyeupe, baruti ndani yake, fataki ya kuiwasha baruti kwenye kitako cha ganda, na kichwa kimechomekwa mbele. Polisi wanapotangaza kuwa wameokota maganda ya risasi, wameokota lile lililobaki baada ya kichwa kwenda zake. Hapa chini nikisema risasi namaanisha kitu kizima, na kile kinachoruka nitakiita kichwa.

Sasa chukua mfano ambao kila msomaji wa magazeti ya Dar anaujua: ile bunduki ambayo taarifa za habari huiita SMG, jamii ya Kalashnikov. Risasi yake ni 7.62×39. Ipo nyingine, 7.62×51, ambayo wawindaji wanaifahamu kwa ndugu yake wa kiraia, .308 Winchester, aliyetoka mwaka 1952. Namba ya mbele ni ileile, 7.62. Ya nyuma ni urefu wa ganda kwa milimita, na hapo ndipo mambo yalipo, maana ganda refu hubeba baruti nyingi. Kichwa cha ile ya kwanza kina gramu kama 8 na hutoka mtutuni kwa mita 715 kwa sekunde. Cha ile ya pili kina gramu 9 na nusu, na hutoka kwa mita 840 hivi.

Tofauti inaonekana ndogo. Lakini nguvu ya kitu kinachoruka hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wake kwa mwendo, kisha kwa mwendo tena. Ukiongeza uzito maradufu, nguvu huongezeka maradufu; ukiongeza mwendo maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Piga hesabu hiyo, ya kwanza inakupa jouli 2,000 na kidogo, ya pili zaidi ya 3,300. Kwa anayetaka kuiona kwa macho: nguvu ya kwanza inatosha kunyanyua gunia la mahindi la kilo mia pale Tandale hadi mita mbili juu, ya pili inalipandisha lilelile hadi mita tatu na zaidi. Kaliba moja, kazi mbili.

Sheria ya Uingereza na Wales kuhusu kuwinda ayala, ya mwaka 1991, inalifahamu jambo hili. Ayala ndiye yule ambaye kamusi zetu mara nyingi humwita kulungu au paa, jina ambalo si lake. Ayala wa Ulaya na Marekani, dume lake, huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka. Kulungu wetu ana pembe nyoofu zisizo na matawi na hufa nazo. Kusini mwa Sahara jamii ya ayala haipo kwa asili, ndiyo maana wengi tunamjua kwa kusoma Zaburi tu. Kwa umbo, ayala mwenye mkia mweupe wa Marekani, dume la kilo 70 hadi 130, unaweza kumweka kuanzia swala pala mkubwa kwenda juu. Kwa hiyo yanayosemwa kuhusu risasi ya ayala yanatufaa nasi kwa kiasi kikubwa.

Basi sheria ile, kwa ayala wakubwa, haikuishia kwenye kaliba. Imesema kaliba isipungue .240, yaani milimita 6.1, halafu ikaongeza kwamba nguvu mtutuni isipungue jouli 2,305 hivi. Weka risasi zetu kwenye mizani hiyo. 7.62×39 inapita kwa upana na kuanguka kwa nguvu. Lakini .243 Winchester ya mwaka 1955, ambayo kichwa chake ni chembamba kwa zaidi ya milimita moja na kina gramu 6 na nusu tu, hukimbia mita 900 kwa sekunde na kufika jouli 2,600. Inapita kote. Chembamba kimefaulu, kinene kimefeli.

Sheria hiyohiyo inataka kichwa kiwe na ncha laini au yenye tundu, na kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko kaliba. Kichwa cha kawaida ni risasi, madini, iliyovishwa koti la shaba. Koti likifunika ncha yote, kichwa hupenya kama sindano: kinaingia, kinatoka, mnyama anakimbia. Ncha ikiachwa wazi, ikigusa nyama hulainika na kuchanuka kama uyoga, kikaacha nguvu yake ndani badala ya kwenda nayo porini. Kuna kichekesho hapa: vichwa vinavyochanuka vilikatazwa vitani na mkataba wa The Hague wa 1899 kwa ukatili wake, na kwa mnyama sheria inavidai kwa sababu ya huruma.

Kambini nimewahi kuliona hili kwa upande wa sufuria. Wafuata nyayo wetu wengi ni Waislamu. Mnyama akianguka hapohapo, mmoja hukimbia na kisu amkute angali na uhai, amchinje. Akipigwa kwa ncha ngumu akatokomea kichakani, mkimpata baada ya saa nzima ni mzoga, na nusu ya kambi siku hiyo inakula maharage. Hakuna anayemlaumu mgeni mdomoni, ila jinsi chai inavyomiminwa jioni utajua.

Kichwa kinachochanuka nacho kina mipaka yake. Kwa nyati, mwenye ngozi nene na mifupa iliyoshikana, kikichanuka mapema hakifiki moyoni. Huko hutumiwa kichwa kigumu, au kile kinachochanuka polepole, na kizito. Kwetu kwa nyati, simba na tembo hairuhusiwi kushuka chini ya .375, na ndiyo sababu risasi ya .375 ya Holland & Holland ya London, iliyotoka mwaka 1912, haikosi kambi yoyote: kichwa cha gramu 19, jouli zaidi ya 5,700. Mgeni mmoja kati ya kumi atanitajia Bell, yule Mskochi wa Karamoja aliyeangusha tembo kwa mamia kwa risasi ya milimita 7. Ni kweli. Alitumia vichwa vigumu na virefu, akalenga ubongo tu, na alikuwa Bell. Huwa nawajibu kwa heshima kwamba fomu yangu haina sehemu ya kujaza hilo.

Kwa mnyama wa kadiri ya swala au ayala, mimi ningechukua .308, au .270 Winchester ya mwaka 1925, au hata ile 7×57 ya Mauser ya mwaka 1892 ambayo hadi leo haina aibu, nikazipa vichwa vya ncha laini. Kubwa kuliko hapo unanunua maumivu. Bunduki ikisukuma kichwa mbele, nayo inasukuma bega lako nyuma; mtu aliyeumizwa na bunduki mara mbili, ya tatu anafumba macho kabla hajavuta. Na mbali si mbali sana: kwenye miombo wanyama wengi hupigwa ndani ya umbali wa goli hadi goli Uwanja wa Mkapa, au mara moja na nusu yake. Kichwa cha .308 hukata urefu wa uwanja huo kwa sekunde moja iliyogawanywa nane. Hapo zile hoja za nani anashuka sentimita ngapi akifika mita 400 hubaki za kwenye meza ya bia.

Jirani yangu alinisikiliza hadi kahawa ikapoa, akauliza lililomuuma: kama kaliba haisemi mambo yote hayo, kwa nini fomu zenu zinaiuliza?

Nikamsimulia kosa langu. Mgeni aliniandikia kwamba bunduki yake ni ya .30 na angependa kukuta risasi kambini. Nikatazama orodha ya stoo: .30 zipo, boksi nne. Nikamjibu asijali. Wiki mbili baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, mzee wa kambi akanipigia, sauti ya taratibu ya mtu aliyekwishakasirika akamaliza. "Kijana, hujambo? Hizi ulizotupa haziingii. Komeo halifungi." Bunduki ilikuwa .308. Boksi zilikuwa .30-06, ile ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906. Kichwa upana uleule, ganda refu kwa milimita 12.

Mgeni aliazimwa .375 ya kambi akapiga swala pala kwa risasi ya nyati. Mimi nilichukua kalamu nikaongeza mstari kwenye fomu, chini ya pale palipoandikwa kaliba: "Geuza risasi, soma maandishi kwenye kitako cha ganda, nakili yote."