Teja akitoka jela kapona? Tunayoamini na ukweli wenyewe

"Muacheni aende ndani akanyooke." Hii kauli naisikia kila teja wa mtaani akidakwa, watu wanaamini akikaa mwaka bila unga, yaani heroini, basi ushamtoka. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inaisha ndio, ila hamu haiishi, na kibaya zaidi mwili unakuwa umeshauzoea kutokuwa nao, kwahiyo siku anatoka anakutana na washkaji anajidunga kipimo kilekile cha zamani, pumzi inakata. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliotoka 2007 ulikuta wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ni mara 129 ya mtu wa kawaida. Mara 129 jamani!

Wengine wanasema methadoni, dawa ya kunywa anayopewa teja kliniki badala ya heroini, nayo ni ulevi tu umebadilishwa jina. Sio kweli. Heroini inampandisha na kumshusha ndani ya masaa, ndo maana asubuhi anaamka anawaza akaibe wapi. Methadoni dozi ikishakaa sawa inamshika siku nzima, hana stimu hana arosto, anaenda kibaruani kama wewe. Bongo ipo tangu 2011 ilipoanzia pale Muhimbili, na kawaida mtu anakunywa mbele ya mhudumu.

Halafu kuna hii inayoniuma zaidi: "mwizi ni mwizi, umtibu usimtibu atarudi." Kule Massachusetts, Marekani, kuna kaunti mbili jirani, Franklin na Hampshire. Jela ya Franklin ilianza mapema kuwapa wafungwa buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uteja kama methadoni, Hampshire ilikuwa bado. Watafiti wakafuatilia mateja waliotoka kati ya 2015 na 2019, wa Franklin 48% walirudi kwenye mkono wa sheria, wa Hampshire 63%. Sio muujiza, karibu nusu bado walirudi, lakini hao wengine ni watu waliobaki na familia zao, na kuna nyumba ambazo hazikuvunjwa.

Ila hiyo dawa ya matibabu isikatwe getini siku anatoka. Uingereza walikuta waliotoka gerezani wakiwa bado kwenye matibabu, vifo vya wiki nne za kwanza vilipungua kwa 75%. Kwahiyo kama una ndugu ndani anakaribia kumaliza kifungo, usisubiri atoke ndo uanze kuhangaika, ulizia mapema zahanati ya gereza kama yuko kwenye dawa, kituo gani kitampokea, na siku ya kwanza kwenda ni lini.